Jiko Kuukuu Ndani ya Mashua



Wiki hii naomba tuyaache majiko ya nchi kavu, niwapeleke katika jiko dogo mno ambalo wengi wenu hamtalipikia kamwe. Mwenye kulitumia ni wifi yangu. Kaka yangu ana mashua ya miaka mingi, yenye kijichumba chini ya sitaha, ambayo siku za kazi huchukua wageni baina ya visiwa vyetu vya Lamu na siku nyingine huchukua jamaa. Jiko lake ni la gesi, la vichomeo viwili, na lilikuja pamoja na mashua. Halina kiwashio wala kilinzi chochote. Ukizungusha kifundo gesi inatoka, ukikirudisha inakatika, na baina ya hayo mawili jiko halijui lolote.

Mwezi wa Maulidi uliopita walikuwa safarini kutoka Faza kwenda Amu, wao na watoto wao wawili. Wifi aliteleka chai ya maziwa, kisha mtoto mdogo akamlilia huko juu, naye akapanda kumtazama. Nyuma yake chai ilifurika ikauzima moto. Kifundo kilibaki wazi. Hakujua lolote hadi aliposhuka na kuinama kuchukua upo afue maji, kwani akiwa amesimama hakunusa kitu, lakini alipokiinamisha kichwa ile harufu ilimpiga usoni. Wakati huohuo upepo ulikuwa umelegea, na kaka yangu alikuwa ameshanyosha mkono kwenye swichi ya betri ili awashe mashine.

"Bwana, usiguse kitu!"

Ukelele huo mmoja ndio uliowaokoa baada ya Mola. Wifi alifunga mtungi, akafungua kila penye kufunguka, akawapeleka watoto omo, kisha wakaanza kufua hewa ya ngamani kwa ndoo kama wafuavyo maji, wakiimwaga baharini. Msicheke. Ndivyo ifanywavyo, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Gesi ya kupikia tunayouziwa mitungini ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propeni kwa kiasi cha mara moja na nusu, byuteni kwa kiasi cha mara mbili. Moshi wa kuni hupanda. Gesi hii hushuka. Nyumbani itatambaa sakafuni itafute mlango. Mashuani haina mlango. Mwili wa mashua ni kama bakuli, na gesi huteremka ngamani ikakaa humo kimya kama maji yaliyovuja, chini ya pua ya mpishi. Haihitaji kuwa nyingi. Ikifika kiasi cha sehemu mbili katika mia ya hewa, cheche moja yatosha. Kichomeo cha kadiri kilichoachwa wazi kwa dakika 10 hutoa lita zipatazo 12 za gesi, na hizo zaweza kuharibu hewa ya zaidi ya lita 500, yaani mapipa mawili na nusu. 

Wazee wetu walipika majahazini kwa kuni katika sanduku la mchanga juu ya sitaha, na moto wao ulikuwa na adabu moja: ukizimika, umezimika. Jiko la gesi likizimika ndipo hatari inapoanza.

Sasa sikilizeni dawa aliyoichagua kaka yangu. Walipofika Amu salama alisema, "Tatizo ni hivi vibiriti. Nikienda Mombasa nitalitafutia kiwashio cha kubonyeza." Nampenda kaka yangu, na ni nahodha hodari, lakini hapa alikuwa akiitibu miguu ya mgonjwa wa kichwa. Kibiriti hakikuwa na kosa siku ile. Kosa lilikuwa kwamba moto ulikufa na gesi haikupata habari.

Kiwashio na vali ya usalama ni vitu viwili mbalimbali, ingawa madukani huwekwa rafu moja. Kiwashio cha kubonyeza kina nyundo ndogo yenye springi inayogonga kipande cha fuwele, na pigo hilo huzaa umeme mkali wa kuruka kwa cheche. Ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Hakihitaji betri, na ni raha kwa mwenye mkono mmoja sufuriani na mwingine umeshika nguzo mawimbi yakichafuka. Lakini kazi yake huishia hapo. Moto ukishawaka, kiwashio hakina tena shughuli nao, uishi au ufe.

Hata zaidi, kikiwekwa peke yake katika jiko kama lile, huenda kikaongeza hatari. Mwenye kibiriti huwasha njiti kwanza, kisha ndipo afungue gesi. Mwenye kiwashio hufungua gesi kwanza, kisha akaanza kubonyeza: tak, tak, tak. Hewa ya chumvi ikishakipata, cheche haziji, au zinarukia pasipo pake, na muda wote huo gesi inateremka ngamani. Mbonyezo wa kumi ukileta cheche, haiwashi kichomeo tu.

Kinachohitajika kwanza ni ile vali inayojifunga yenyewe moto ukizimika. Nilimwomba fundi anifunulie ndani yake, nami nakiri ilinipendeza. Pembeni mwa kichomeo husimama kijiti kifupi cha metali, ncha yake ikilambwa na moto. Mafundi hukiita themokapo. Ndani yake mna metali mbili tofauti zilizounganishwa. Mwaka 1821 Thomas Seebeck, mwanasayansi wa Kijerumani, aliona kwamba metali mbili zikiungwa pamoja na kiungo kimoja kikapashwa joto, sindano ya dira iliyo karibu hugeuka, na baadaye ikafahamika kuwa ni umeme unaopita. Umeme wa kijiti hiki ni mdogo mno, takriban sehemu moja ya hamsini ya betri moja ya tochi. Hauwezi kuivuta vali ifunguke. Ndiyo sababu hulazimika kukibonyeza kifundo na kukishikilia kwa muda: kidole chako ndicho kinachofungua, na moto, ukishakipasha kijiti joto, hushikilia tu kile ulichokifungua. Moto ukifa, kijiti hupoa, umeme hukatika, na springi huifunga vali. Utasikia mlio mdogo, tik, kwa kawaida kabla dakika haijatimia.

Laiti chai ile ingefurika juu ya jiko la namna hiyo, wifi angekuta sufuria chafu, basi.

Je, jiko la zamani laweza kuwekewa? Mengine yaweza, mengine la. Haitoshi kufunga kijiti kando ya kichomeo. Bomba lenyewe la kifundo hubadilishwa, liwekwe lile lenye vali na sumaku ndani yake, na liwe la kuafikiana na jiko, na kitundu cha kupulizia gesi, na nguvu ya gesi itokayo kwenye regulata. Ncha ya kijiti lazima ikae ndani ya moto hata ukiwa umepunguzwa kabisa, maana mpishi wa wali huupunguza moto, na vali isiyovumilia moto mdogo itamzimia jiko kila mara mpaka achoke aifunge waya. Na kila kichomeo kiwe na kijiti chake. Kaka yangu alitaka kuweka kimoja, kile cha kulia, kwa kuwa ndicho kinachotumika sana. Wifi alimuuliza kama na maboya ya kuokolea angenunua la mtoto mmoja. Vikanunuliwa viwili.

Kazi hii si ya kujifunza nayo. Fundi wetu alilikagua jiko kwanza kama lastahili kutengenezwa, na alisema wazi kwamba lingekuwa limeliwa na kutu mabombani angekataa, tukanunue jipya. Fundi anayekubali kila jiko bila kulifungua, mwogopeni. Akimaliza, viungo vyote vipakwe povu la sabuni gesi ikiwa wazi. Povu likivimba, pana mvujo. Wala asiwepo wa kutafuta mvujo kwa njiti ya kibiriti, jambo ambalo nimelisikia likisimuliwa kwa fahari.

Baada ya vali ndipo kiwashio kikafuata, na sasa ni msaidizi mwema. Hata hivyo iko desturi ya kushika. Wakati kidole chako kimebonyeza kifundo, vali umeizuia wewe mwenyewe, na gesi inapita moto uwepo usiwepo. Kwa hiyo cheche zisipowasha katika sekunde chache, achia, subiri, acha hewa ipite, ndipo ujaribu tena. Ncha ya kiwashio na nguzo yake nyeupe ya kauri zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari, maana chumvi yenye unyevu huuibia umeme njia.

Na vali hii haijui yanayotokea nyuma yake. Mpira ukipasuka baina ya mtungi na jiko, themokapo haina habari. Mtungi wa kaka yangu ulikuwa ndani ya kijichumba, chini ya kitanda, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Sasa umehamishiwa juu ya sitaha, katika sanduku lisilopitisha kitu kwenda ndani, lenye tundu chini yake linalotokea nje ya mashua juu ya mstari wa maji, ili kinachovuja kianguke baharini. Hufungwa kila mapishi yanapokwisha, kabla ya sufuria kuteremshwa. Kifaa cha kunusa gesi, kwa mwenye uwezo wa kukinunua, mahali pake ni chini, karibu na ngama. Nimeona mashua moja kimetundikwa darini kama saa ya ukutani.

Enyi msio na mashua, nanyi mnayo nyumba. Mnaponusa gesi jikoni, msitosheke na dirisha la juu. Fungueni mlango, kwa kuwa gesi i miguuni penu. Msiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima. Na mtoto atambaaye huinusa kabla yenu, naye hana ulimi wa kusema; mtoeni nje kwanza, maswali baadaye.

Jiko lilirudishwa mashuani wiki tatu zilizopita. Kaka yangu aliliwasha kwa bonyezo moja, akatutazama kama aliyelizua yeye. Wifi hakusema kitu. Alitwaa kawa, akaupepea moto mpaka ukazimika, akaanza kuhesabu kwa sauti, sote tukiwa kimya na hata watoto wameacha kuchezea kamba. Alipofika ishirini na saba tukasikia: tik. Akauwasha wa pili, akauzima, akahesabu tena. Kaka yangu akamwambia kwamba fundi ameshajaribu yote hayo dukani.

"Fundi hapikii humu," akajibu.

Kisha akatoa vibiriti kutoka kikopo cha halua walikokuwa wakivihifadhi siku zote, akavikagua kama bado ni vikavu, akavirudisha humohumo, akakibana kifuniko. Akateleka chai. Safari hii hakuondoka.