"Ndivyo Alivyo" Si Jibu

Ndugu zangu, ninaandika kuhusu choo cha mtoto, na siombi radhi.

Mpwa wangu ana miaka 15 na ana mtindio wa ubongo. Hasemi, lakini tunaomjua tunamwelewa. Alipoanza kufunga mdomo akiona kijiko cha uji, tulijua kuna jambo. Tumbo likawa gumu kama ngoma, na nepi ikawa inalowa choo chepesi mara nne, mara tano kwa siku. Sote tukasema anaharisha. Duka la dawa likatupa vidonge vya kuzuia kuharisha, naye akazidi kujikunja.

Kumbe hakuwa akiharisha. Choo kigumu kilikuwa kimeziba utumbo mpana, na kile chepesi kilikuwa kikipenya pembeni mwake na kuvuja. Vidonge vyetu vilizidi kumfunga. Watoto wenye hali yake hufunga choo mara nyingi, na sababu zinajulikana: hawatembei, misuli ya kusukuma ni dhaifu, kumeza maji ni kazi ngumu, na baadhi ya dawa za kifafa na za kulegeza misuli huchangia. Hayo tuliyajua baadaye. Kwenye kituo cha kwanza tulikompeleka walikitazama kiti cha magurudumu, tumbo hawakuligusa. Tukaambiwa, "Watoto hawa ndivyo walivyo." Tukarudi nyumbani. Wiki iliyofuata tukaona damu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: neno hilo la "ndivyo walivyo" tulikatae kwa pamoja. Mama aliyekesha siku tatu akifua hana nguvu ya kubishana na mtu mwenye koti jeupe. Jirani aliyemsindikiza anayo. Msindikize. Uliza kwa adabu, lakini uliza: tumbo limepimwa? Choo kimepelekwa maabara? Dawa anazotumia zimeangaliwa? Na ukiona damu, tumbo lililovimba, matapishi ya kijani, homa au mtoto anayepungua uzito, usimwache mama asubiri hadi Jumatatu. Nyumbani kila siku iandikwe kwenye daftari: ametoka choo lini, kilikuwaje, amekunywa vikombe vingapi, alilia alipoguswa wapi. Mtoto asiyesema, daftari humsemea, na daktari aliyetusikiliza mwishowe alianza kwa kulisoma.

La pili ni mikono. Kijana wa umri huu si mzigo wa mgongo wa mama mmoja. Daladala hazisimami zikiona kiti, na bajaji ya kwenda na kurudi humaliza fedha za chakula. Vikundi vyetu vya kuchangiana huchangia harusi na misiba bila kusukumwa. Basi vitenge pia fungu la nauli ya vipimo. Akina baba na kaka, kubeba ni kazi yenu pia. Ila anapobadilishwa nguo, tokeni nje, mlango ufungwe. Ni kijana, ana haya kama wenzake.

La tatu lifike kwenye mkutano wa mtaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kutibiwa na ya kuingia majengo ya umma. Nendeni mkaangalie choo cha zahanati yenu: kiti kinapita mlangoni? Pana mahali pa kumlaza kijana akabadilishwa, au mama atandike khanga sakafuni mbele ya foleni, kama alivyofanya dada yangu? Mwenyekiti aulizwe hayo mbele ya watu, jibu liandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata aulizwe tena.

Na jamani, harufu ikitoka, msihame benchi. Anaona.

Choo sasa kinatoka, anakula tena. Damu bado inachunguzwa. Jumanne saa kumi na moja alfajiri tunampeleka kwenye kipimo cha kamera, na tunahitaji watu wawili wa kumshusha ngazi.