Memori imepanda bei, na si juu ya kobalti yetu

Tangu mwisho wa 2025 tunasikia maneno yale yale kwenye mlango wa mgodi, hata kwenye mikutano ya sendika. Kompyuta ya mtoto ya kuchezea mpira na mbio za magari imechoka, vipande vyake vimepanda bei, na muuzaji anasema kosa ni la serikali yetu iliyofunga kobalti. Baba mmoja aliniuliza kama anaweza kuomba avansi ya mshahara ili anunue mpya. Nikamwambia: ndugu, ngoja kwanza.

Ni kweli, tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilisimamisha kobalti isitoke, na tangu 16 Oktoba inatoka kwa kipimo. Kwa mwaka 2026 ni tani 96 600. Karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, basi bei yake iliamka. Lakini kobalti hiyo inaingia zaidi kwenye betri: za simu, za magari ya umeme, za kompyuta za kubeba. Kompyuta ya mezani haina betri ya namna hiyo. Iko tu na kidonge kidogo cha kulinda saa, nacho ni cha lithiamu. Mali yetu iliyo ndani yake ni shaba ya nyaya na ya vipoozi, bati ya kulehemu, tantali inayotoka kwenye koltani. Yule muuzaji anatudanganya, ama naye alidanganywa.

Sababu yenyewe iko Korea na Marekani. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, ndizo zinatengeneza sehemu kubwa ya memori ya dunia. Sasa zimepata mteja mwenye lupeto kuliko sisi: majumba ya mashine za akili bandia, yanayotaka memori ya namna yake na kuilipa vizuri. Viwanda ni vilevile, na kinachoenda kule hakiji huku. Mwezi wa Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kabisa kuuzia watu wa kawaida memori zake za jina Crucial. Memori ya DDR5 ya giga 32, ambayo katikati ya 2025 iliuzwa Marekani karibu dola 100, mwisho wa mwaka ilipita 300. Sisi watu wa mgodi tunaijua hesabu hiyo: mnunuzi wa mkataba mkubwa akifika, wa sokoni anabakiwa na makombo.

Juu ya hiyo kuna Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 iliacha kuhudumia Windows 10. Windows 11 nayo inakataa prosesa nyingi za zamani: kwa Intel inaomba kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo maana mashine za ofisi zilizo nzima kabisa zinatupwa, halafu zinauzwa okazioni. Mashine nzima inahesabiwa kuwa mufu kwa sababu ya karatasi!

Tuchukue moja tunayoiona sana, Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa i5 ya kizazi cha 4 na memori ya DDR3. Kosa kubwa ni kutaka kubadilisha prosesa. Prosesa mpya inaomba karti mama mpya, karti mama mpya inaomba memori mpya, kwa sababu DDR3 haiingii mahali pa DDR4 wala DDR5. Hapo ndipo avansi yote inaisha, na mtoto bado hajacheza.

Mimi ningeanza na vumbi. Katika miji yetu, wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za malori linajaa kwenye ventilatere, prosesa inapata moto na kujipunguza mwendo yenyewe. Fungua, pangusa, badilisha dawa ya kupooza juu ya prosesa. Pili, weka diski SSD. Hata ndogo ya giga 240 inatosha kwa Windows na michezo michache, na mashine inaamka upesi. Tatu, fikisha memori giga 16 kwa DDR3 iliyokwisha kutumika, vipande viwili vya namna moja.

Karti ya picha ndiyo inaomba akili zaidi. Bokisi ya umeme ya mashine hiyo ni ya wati 290, na ile nyembamba ni 255. Usiweke karti yenye waya wake wa umeme wa ziada. GTX 1650 ya wati 75 inakula umeme wa karti mama peke yake, lakini angalia vizuri, maana kuna zingine za jina lile lile zinazoomba waya. Kwa kesi nyembamba inafaa ile fupi. GTX 1050 Ti ni ya zamani zaidi, na tangu Oktoba 2025 Nvidia haiiandalii tena programu za michezo mipya, ila za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa michezo ya zamani haina shida.

Kuhusu Windows 10, Microsoft inaruhusu kujiandikisha kupata ulinzi mpaka 13 Oktoba 2026. Kisha kuna Linux, ya bure, na michezo mingi ya Steam inapita. Lakini Fortnite na EA Sports FC zinaikataa, kwa hiyo ulizeni mtoto mbele ya kubadilisha, msije mkagombana nyumbani.

Yule baba hakuomba avansi. Alikuja nyumbani na mashine yenyewe, tukaifungua. Iliyokuwa inahitaji kwanza ni stabilizatere, kwa sababu umeme wa mtaa wake unapanda na kushuka mchana kutwa. Kwa karti, tulipatana aende kwa muuzaji na kesi yake mkononi, aiingize palepale na kucheza nusu saa mbele yake kabla ya kutoa dola hata moja.