Gari la vipande nalo lipewe karatasi

Land Rover yangu ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mtindo uliotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Shasi ni yake, ekseli ni zake, springi na usukani ni vyake. Injini ya petroli ilikufa zamani. Marehemu baba akaweka dizeli ya Toyota, 3L, iliyotolewa kwenye Hiace iliyogongwa, injini aliyoinunua katika komini ya Kenya, Lubumbashi. Giaboksi ikafuata injini. Milango aliigonga fundi wa hapahapa Kasomeno, mkoani Haut-Katanga, Kongo. Gari hilo ndilo linalopeleka mahindi ya jirani zangu mjini na kurudi na simenti na chumvi, na usiku mama akishikwa na uchungu, ndilo linalogongewa mlango.

Karti rozi yake, yaani hati ya usajili, bado inasema petroli. Nilipotaka irekebishwe, ofisi moja iliniomba hati ya forodha ya injini. Lakini injini ile iliingia nchini ikiwa ndani ya Hiace, ushuru ukalipwa kwa gari zima. Hati ya injini peke yake haikuwahi kuwepo. Nikarudi na karti rozi ileile, na tangu hapo kila kizuizi barabarani nalipa kitu, na kitu hicho hakina risiti.

Hapo ndipo ninapoumia. Mimi nataka kulipa kodi. Kodi ya magari kwetu imesimama juu ya sheria ya tarehe 10 Februari 1969, na Katiba ya 2006 imeikabidhi kwa mikoa, kwa hiyo vinyeti yangu, ile stika ya kodi, ni mali ya Haut-Katanga. Gari la mizigo hutozwa kwa uzito: chini ya kilo 2,500, kati ya hapo na kilo 10,000, na zaidi ya hapo. Kubadilisha injini hakukuitoa Land Rover yangu katika fungu lake. Mkoa unaweza kuipima, kuitoza na kunipa risiti. Faranga mia tano ninayoiacha mkononi mwa mtu njiani haitaziba hata shimo moja la barabara hii.

Bima ni jambo zito zaidi. Ni ya lazima nchini tangu 1973, na sheria ya 2015 ilizifungulia milango kampuni nyingine mbali na SONAS, kampuni ya bima ya serikali. Ila kampuni yoyote huandika nambari zilizo kwenye karti rozi. Siku gari lenye injini nyingine likimgonga mtoto wa shule, kampuni inayo sababu ya kubisha, na mzazi wa mtoto ndiye atakayezunguka na karatasi zake hospitalini.

Waingereza, waliolitengeneza gari hili, walishapata njia. Hadi 2025, gari lililobadilishwa lilipimwa kwa alama: shasi 5, springi na vyuma vyake 2, ekseli 2, usukani 2, giaboksi 2, injini 1. Likifikisha alama 8, shasi ikiwa ya asili na haijakatwa, lilibaki na nambari yake. Likishindwa, lilichunguzwa kwa ukali na kupewa nambari iliyoanza na Q, ili mnunuzi ajue. Gari langu lingepata alama 11. Huko, lililotimiza miaka 40 laweza kusamehewa hata kodi ya barabara, lakini hilo sitaliomba. Barabara zetu zinahitaji fedha.

Najua jibu la wakubwa: wezi watapitisha magari ya Zambia kwa mlango huo. Hofu hiyo ni ya kweli, sisi tuko karibu na mto Luapula, mpakani, na tunaona yanayovuka. Lakini mwizi anafuatwa kwa nambari ya shasi, ile iliyochimbwa kwenye chuma, na hiyo ndiyo ninayotaka isomwe kwanza, ipelekwe kwa polisi wa pande zote mbili. Injini ya Hiace haimfichi mwizi.

Mkoa utume mkaguzi Kasenga na hapa Kasomeno, msimu wa kiangazi, barabara ikiwa inapitika. Alale chini ya gari, atazame breki, usukani, taa na shasi. Lililo zima liandikwe upya lilivyo, lilipe ada moja iliyobandikwa ukutani ambapo kila mtu anaisoma. Lisilo na breki lizuiliwe, hata kama ni langu. Nimeona lori linashuka mlima likiwa na watu juu ya magunia na dereva anategemea gia peke yake, sitetei hilo.

Na haraka iwepo. Serikali za Kongo na Zambia zimekubaliana kujenga barabara ya kulipia kutoka Kasomeno hadi Mwenda, Zambia, na daraja juu ya Luapula. Penye mageti, karatasi zitaombwa kwa kila gari. Magari ya migodi yatapita. Yetu ya mahindi yaandikwe sasa, kabla geti la kwanza halijafungwa mbele yake.