Simu ya Kazi Ilipiwe na Kazi



Wako wasemao kwamba WhatsApp ni mahali pa porojo tu. Mimi sikubali. Mwezi wa Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikaingia wilaya yetu ya Kasese, na wagonjwa wakatengwa Bwera. Ugonjwa kama huo haungoji semina ya Kampala: mwuguzi ataka kuuliza leo na kujibiwa leo. Vilevile mwalimu wa Kasenyi, kando ya Ziwa George, aweza kumwuliza mwenziwe wa Bwera juu ya somo gumu pasipo kupanda gari.

Lakini nani alipe? Mwezi wa Julai 2018 Serikali ilianza kumtoza kila mtumiaji shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Kwa mfuko wa mfanyakazi ni mamoja. Basi mkubwa wa kazi atakaye simu iwe darasa la watu wake, na anunue bando kama anunuavyo chaki.

Nasi tulio kundini tusilijaze picha za harusi, wala tusiandike jina la mgonjwa. Na ajuaye asimcheke aulizaye: kuuliza si ujinga.