FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA



Katika baraza za kahawa hapa Arusha mjini kumezuka maneno ambayo kwanza niliyacheka, kisha yakaninyima usingizi. Vijana wetu, tena waliosoma, wanasema hivi: laiti Waturuki wangalishinda pale Mombasa mwaka 1589, Mreno angalifukuzwa mapema, Mjerumani na Mwingereza wasingalipata pa kushukia, na shamba la Mmeru lisingalinyang'anywa.

Mimi nimesomea ualimu, na mwalimu hamchapi mtoto kwa sababu ameuliza. Basi nitajibu. Lakini nitajibu kwa ukali, maana ndani ya ndoto hii mna sumu.

Kwanza kisa chenyewe, kwa kuwa ni cha kweli. Katika miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, jina lake Mir Ali Bey, alifika pwani yetu akitokea Bahari ya Shamu. Miji mingi iliyochoka na kodi na mizinga ya Wareno ilimpokea kwa shangwe. Malindi ilibaki upande wa Mreno. Aliporudi mara ya pili, alijiimarisha Mombasa. Wareno wakaleta jeshi la majini kutoka Goa, na huku bara Wazimba wameuzingira mji. Mwezi wa Machi 1589 Mombasa ikaanguka. Mir Ali Bey akakamatwa, akapelekwa Lisbon. Miaka minne baadaye, 1593, Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Sasa tuseme alishinda. Tuseme bendera ya Istanbul ilipepea Mombasa. Je, ingalipepea kwa muda gani? Baruti, meli na askari vingalitoka Yemeni. Lakini Yemeni yenyewe iliwatoka Waturuki katika miaka ya 1630, walipofukuzwa na wenyeji. Ngome ya Mombasa ingalibaki kama mtoto aliyeachwa sokoni. Na hata kama ingalidumu miaka mia tatu, je, ingalimzuia Mzungu? Tunisi ilihesabiwa kuwa nchi ya Sultani wa Uturuki. Mfaransa akaichukua mwaka 1881. Misri pia ilikuwa yake. Mwingereza akaingia mwaka 1882. Tripoli ilikuwa yake. Mtaliani akaishambulia mwaka 1911. Bendera ya bwana aliye mbali haikumwokoa hata mmoja. Wazee wetu walikwisha sema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini, ndugu zangu, kwa nini tuote ndoto za Waturuki wakati jambo lenyewe lilikwisha tutokea? Dola ya Kiislamu kutoka ng'ambo ilipata makao kwetu. Ilikuwa Omani. Watu wa Mombasa wenyewe waliomba msaada wake ili wamtoe Mreno, na baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, Ngome ya Yesu ilitekwa mwezi wa Desemba 1698. Mwokozi amekuja! Lakini mwokozi hakurudi kwao. Mombasa chini ya Wamazrui ilikataa kutawaliwa na Maskati, na mwaka 1837 Seyyid Said akaitia mkononi. Akahamishia makao yake Unguja, akaotesha karafuu kwa jasho la watumwa, na misafara ya pembe na watu ikapita nyanda hizi hizi tunazoziona tukisimama Meru. Aliyeruka majivu alikanyaga moto.

Na mwisho wake ulikuwaje? Hapa nawaomba msome polepole. Mwaka 1885 Sultani Barghash alimtuma Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, aende Kilimanjaro. Mathews akapata hati kwa machifu kwamba wao ni raia wa Sultani. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye misafara ilimwita Mandara, alikuwa mmoja wao. Baada ya majuma machache tu akafika mtu wa kampuni ya Carl Peters, naye akapata hati yake kwa Mandara huyo huyo. Mlima mmoja, hati mbili, mabwana wawili, na mkulima hakuulizwa hata mara moja. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Barghash, naye akasalimu amri. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakapatana: Sultani abakiwe na pwani ya maili kumi kwenda bara, mengine wagawane wao. Mwaka 1888 ikakodishwa hata hiyo pwani ya bara kwa kampuni ya Kijerumani. Abushiri na Bwana Heri wakapigana. Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Mwaka 1890 pwani hiyo ikalipiwa maki milioni nne, na biashara ikaisha.

Milioni nne! Hayo ndiyo malipo ya ulinzi wa bwana wa mbali: siku anapobanwa, wewe ndiwe unayeuzwa.

Sisi wa mlimani tulilipa pia. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Moshi Mangi Meli, mwana wa yule Rindi mwenye hati mbili, pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Mwaka huo huo Boma la Arusha likasimama kwa kazi ya kulazimishwa. Na mwaka 1951 serikali ya Kiingereza ikawafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi.

Je, nani alikuja kututetea? Sultani? Mturuki? Hakuna. Wameru walichanga senti zao, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Kura hazikutosha kurudisha ardhi siku ile. Lakini Tanganyika nzima ilisikia, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta watu wamekwisha jifunza kwamba mnyonge akiungana na mnyonge mwenziwe ana sauti.

Asitokee mtu akasema mwandishi huyu anaupiga vita Uislamu. Mreno alikuwa Mkristo, Mjerumani alikuwa Mkristo, na walitupiga. Abushiri na Bwana Heri walikuwa Waislamu, na walipigana. Wazee Waislamu wa Dar es Salaam waliijenga TANU bega kwa bega na Wakristo. Dini ni ya mtu na Mungu wake. Utawala ni wa watu juu ya nchi yao. Anayechanganya mambo haya mawili anamtafutia bwana wake nafasi ya kuingia.

Hii ndiyo sumu niliyoitaja. Kijana anayeota bwana mwema wa jana atampokea bwana mwema wa leo. Kesho atakuja mtu na tai na mkoba, atatoa hati, atasema "mimi si kama wale". Siku hiyo tukumbuke Mandara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji neno juu ya ardhi yake. Lakini neno lisilosemwa ni sawa na lisilokuwapo. Nimehudhuria mkutano wa kijiji ambao wanaume walikuwa kilabuni, akina mama shambani, na karatasi ikapita kwa mikono kumi na moja. Aibu hiyo haikuletwa na Mzungu wala Mwarabu. Tuliileta wenyewe, na sisi wana chama tulikuwapo tukinyamaza.

Basi kila balozi wa nyumba kumi na kila katibu wa tawi afanye haya: mkutano ukiitwa, watu wajae, hati ikiletwa, isomwe kwa Kiswahili mpaka mwisho, asiyeelewa aulize, na asiyeridhika akatae.

Waacheni Waturuki walale Mombasa walikoshindwa. Mlinzi wa Meru ni mtu wa Meru aliye macho, na mwananchi mwenziwe aliye nyuma yake.