Kwa Miguu Katika Mitaa ya Zamani ya Likasi

Mtu akikaa miaka mingi katika mji mmoja, huacha kuutazama. Apita njia ile ile kwenda kazini, arudi kwa njia ile ile, na mawe ya njia hayamwambii neno. Ndivyo tulivyokuwa sisi, hata siku wanafunzi wetu walipotuomba tuwaonyeshe mitaa ya zamani ya Likasi. Twakiri kwamba tuliona haya. Mito ya Ulaya twaweza kuitaja bila kitabu, lakini habari za barabara inayopita mbele ya darasa letu tulikuwa nazo vipande vipande tu.

Basi tukamwendea mzee mmoja wa Kikula, mstaafu wa viwanda, tukamwomba atuongoze. Akakubali kwa masharti mawili: tusipande gari, kwa kuwa waliojenga mji huu walikwenda kazini kwa miguu, tena asikatizwe maneno. Sharti la pili vijana walilivunja kabla ya saa tatu.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, na baridi ya asubuhi ya Katanga yauma masikio. Tulianzia mjini kati. Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, tuseme kwamba mji wetu, ulio kama kilomita 120 kutoka Lubumbashi, una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Katika komini ya Likasi ndipo zilipo barabara pana zenye miti, na nyumba zenye baraza na bustani, zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu. Nyingine zapendeza hata leo. Nyingine mabati yameshika kutu na kuta zimepasuka.

Mzee aliuliza: ni nani aliyeanzisha mji huu? Kijana mmoja akajibu mara moja kwamba ni Jadot. Kweli, kutoka mwaka 1931 hata 1966 mji uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi wa Ubelgiji na mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Union Minière. Bwana huyo alikuwa amejipatia sifa kwanza huko Uchina, kwa kujenga reli ya Peking hadi Hankow. Mzee alitikisa kichwa, akatoa mfukoni jiwe la kijani kibichi, akampa kijana yule alishike.

Jiwe hilo ni malakiti, lenye shaba ndani yake. Mzungu wa kwanza aliyeichunguza ardhi ya Katanga kwa elimu ya mawe, Jules Cornet, alipopita mwaka 1892, aliona mashimo ya kale yaliyochimbwa na watu wa nchi. Wahenga walikuwa wakichimba jiwe hilo wakati wa kiangazi, wakaliyeyusha kwa makaa ya mti na mivuo, wakaimimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao na mahari yao, nayo ilisafiri mbali sana kwa biashara. Padre de Hemptinne, Mbenediktini aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika habari za wafuaji hao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba. Basi Jadot hakuanzisha kitu ambacho hakikuwako. Na mawe nayo yamelitunza jina la zamani: madini moja adimu yaliyopatikana katika mgodi wa hapa yalipewa jina la likasiti mwaka 1955, wakati ambapo mji wenyewe uliitwa bado Jadotville. Vijana walicheka sana kwa habari hiyo, nasi pia.

Reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Kambove mwaka 1913, ikipita huku kwetu. Baada yake mgodi wa Likasi ulianza kuchimbwa kwa nguvu, na viwanda vikasimama Panda. Yaliyofuata yote yalikuja kwa reli hiyo: mashine, unga, mapadre, na watu wa kufanya kazi. Twaomba msomaji aikumbuke reli, kwa maana tutairudia.

Kutoka mjini kati tulishuka kwenda Kikula. Hapa mzee alipunguza mwendo. Alitaka tuione nafasi iliyoachwa kati ya mtaa na mtaa. Katika miji ya Kongo wakati wa Wabelgiji, makao ya Wazungu na makao ya Waafrika yalitenganishwa kwa makusudi, na Mwafrika aliyeonekana mjini baada ya saa tatu za usiku alitakiwa kuwa na kibali mkononi. Kikula palikuwa mahali pa wale wasiokaa katika kambi za kampuni: wachuuzi, makarani, waashi, mafundi wa kushona. Palikuwa na kelele, palikuwa na ngoma na bia, na kwa maoni ya mzee palikuwa na uhuru kuliko kambini, kwa sababu huko hapakuwa na bwana wa kambi wa kukuuliza mgeni wako ni nani.

Panda tulikaa sana kuliko mahali pengine pote. Ni lazima mwanafunzi asimame kati ya safu za nyumba za kambi, zilizopangwa kama mistari ya daftari, ili afahamu maisha ya babu zake. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kwa miezi michache, kutoka Rodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Urundi. Walikufa kwa wingi kwa magonjwa, na waliosalia walikimbia au walirudi kwao. Kampuni ilipiga hesabu, ikaona kwamba hasara ni kubwa. Kuanzia karibu mwaka 1928 iligeuza mpango: mtu aje na mke wake, apewe nyumba, posho ya kila juma, na mkataba wa miaka mitatu. Hospitali ikajengwa, na shule za watoto zikawekwa mikononi mwa mapadre na masista. Sisi tulisoma katika shule zilizotokana na mpango huo, hatuwezi kuudharau. Walakini mzee alituonya tusiuite ukarimu tu. Mtoto aliyezaliwa kambini, akapimwa uzito na kunyweshwa dawa kambini, akafundishwa kambini, alikuwa pia mfanyakazi wa kesho.

Na katika safu hizo ndimo Kiswahili chetu kilimokulia. Mluba wa Kasai, Mbemba, Mlunda, Mnyarwanda, wote walichota maji katika bomba moja. Wangesemezana kwa lugha gani? Mama wa nyumba ya tatu aliazima chumvi kwa mama wa nyumba ya nne kwa Kiswahili, na watoto wao hawakujua lugha nyingine ya mchezo. Mwalimu wa sarufi aweza kukikosoa Kiswahili hicho. Sisi wenyewe twakikosoa kila siku darasani, kisha twakisema nyumbani.

Hapo Panda mzee alitusimulia pia Desemba 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu, na wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kugoma na kuongezewa mshahara. Waafrika nao wakagoma, huku Panda na Shituru kwanza, kisha Elisabethville. Jibu lao lilikuwa risasi. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi, askari waliwapiga watu waliokusanyika, wakafa kwa makumi. Na hapa kwetu pia watu walipigwa. Mzee alikuwa hajazaliwa bado. Aliyasikia kwa baba yake, ambaye hakupenda kuyasimulia mchana.

Shituru hatukuingia kiwandani, maana kupita lango kwahitaji ruhusa. Tulisimama nje, na mzee akachora mavumbini kwa fimbo. Tangu mwaka 1929 shaba ya Shituru hupatikana si kwa moto bali kwa umeme. Jiwe lasagwa, laloweshwa katika asidi hata shaba yake iyeyuke ndani ya maji. Maji hayo yaingizwa katika mabirika, umeme wapitishwa, na shaba yaanza kushikamana na bamba jembamba, kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka bamba linakuwa zito la kubebwa kwa mashine. Umeme wenyewe watoka Mwadingusha, katika maporomoko ya mto Lufira, ambapo mtambo ulikamilika mwaka 1930, na maji yaliyozuiliwa huko ndiyo ziwa Tshangalele. Fimbo ya mzee ilikwenda upesi na bila kusita, nasi tulifahamu kwamba mikono yake ingali kazini.

Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, ikawa Gécamines. Mwaka 2003 kampuni hiyo iliyokuwa imeanguka iliwaaga wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 kwa mara moja, hapa, Lubumbashi na Kolwezi. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Mzee alikuwa mmoja wao, na juu ya neno hiari hakutaka kusema lolote.

Kwenye barabara iendayo Lubumbashi tulipita haraka. Wageni ndipo wapendapo kupigwa picha, hasa tangu filamu ya mwaka 2016. Hapo askari wa Ireland wapatao 155, waliotumwa na Umoja wa Mataifa wakati wa Katanga ya Tshombe, walishambuliwa asubuhi ya tarehe 13 Septemba 1961, wengi wao wakiwa katika Misa. Walipigana siku tano chini ya mkuu wao Quinlan, wakajisalimisha maji na risasi zilipokwisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa, ila wenzao wa upande wa pili walikufa wengi. Ni habari ya ushujaa, twakubali. Lakini kwa mji wenye umri wa zaidi ya miaka 100, siku tano si ndizo zote.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika stesheni. Hatukuwa tumeiandika katika orodha ya safari. Ni mzee aliyegeuza njia. Mwezi wa nane wa mwaka 1992, siku ambazo huko Kinshasa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga aliondolewa katika cheo cha waziri mkuu na Tshisekedi wa Kasai akawekwa, watu wa Likasi wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa majumbani. Wakuu wa jimbo walikuwa wamewahubiria watu kwamba hao ni wageni. Makumi ya maelfu walikimbilia shuleni na hapa stesheni, wakalala wazi, wakingoja magari ya moshi ya kuwapeleka Kasai, wiki kwa wiki, miezi kwa miezi. Watoto wengi walikufa kwa kuhara na surua, wengine hapa, wengine ndani ya mabehewa. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa Panda na Kikula, wajukuu wa wale walioletwa na kampuni kwa reli hii hii. Kasai hawakuwa wameiona.

Vijana wetu wote wamezaliwa baada ya hayo. Walijua kwamba kulikuwa na fujo. Hawakujua kwamba ni hapa, penye sakafu waliyokuwa wameketi.

Kisha mzee alisema jambo ambalo hatukumwomba. Jirani yake wa Kikula alikuwa fundi wa kushona, mtu wa Kasai kwa baba, aliyebatizwa naye siku moja. Siku ile ya kuondoka, jirani alimletea cherehani yake, kwa sababu haikuwezekana kuibeba, akamwomba bei yoyote. Yeye akampa fedha ya kununua gunia moja la unga, huku akijua thamani ya kitu kile. Alikuwa na fedha zaidi nyumbani. Alisema hayo akitazama reli, si sisi.

Msichana mmoja akamwuliza, kwa heshima, kama Baba alipata habari za jirani yake baadaye. Alijibu kwamba mwaka 1995 ilikuja barua kutoka Mwene-Ditu, yenye salamu kwa jamaa yote, na ndani yake hakukuwa na neno juu ya cherehani. Hakuijibu. Msichana akauliza kama anwani ingaliko. Mzee akasema barua imo ndani ya droo ya cherehani yenyewe, ambayo mkewe aitumia hata leo.

Tulimsindikiza hadi Kikula giza likiingia. Mlangoni alituambia tungoje kidogo, akaingia, akatoka na bahasha, akampa yule msichana mwenye mwandiko mzuri, akamwuliza kama kesho baada ya masomo ataweza kuja na kalamu.