Nasaba ya Farasi, Siri ya Chupa: Wajibu wa Mwanaisimu katika Lugha ya Dawa

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Makala haya yanashikilia kwamba methali hii, licha ya ukweli wake, haitoshi kumlinda mnunuzi. Kinachomlinda ni kuelezwa asili ya kile anachouziwa, tena kwa lugha anayoielewa. Ushahidi wa dai hili tutautoa mbali, katika jamii ya wakulima wa kikoloni wa Nyuzilandi, jamii iliyomjua farasi wake kuliko ilivyoijua dawa iliyokuwa ikimeza.

Farasi wa kwanza waliwasili Nyuzilandi mwaka wa 1814. Kufikia 1911 nchi hiyo ilikuwa na farasi zaidi ya 400,000, ilhali watu wake walikuwa takriban milioni moja. Katika mashamba ya ngano na oti ya Canterbury na Otago, mfalme wa shamba alikuwa Clydesdale, farasi mzito kutoka Uskoti, mwenye miguu iliyofunikwa manyoya marefu na nguvu za kukokota plau katika udongo mgumu. Otago ilianza kukaliwa na Waskoti mwaka wa 1848, na si ajabu kwamba walimtamani farasi wa kwao.

Kumzalisha farasi wa aina hii hakukuwa jambo la kubahatisha. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi kumi na mmoja, na mtoto hukaa miaka kadhaa kabla ya kuwekwa kwenye plau. Mkulima aliyekosea katika kuchagua dume aliligundua kosa lake baada ya miaka minne hivi, wakati ambapo hasara ilikuwa imekwisha kuingia. Kwa sababu hiyo, nasaba ilithaminiwa mno. Huko Uskoti, chama cha wafugaji wa Clydesdale kiliundwa mwaka wa 1877, na mwaka uliofuata kikachapisha kitabu cha nasaba. Kila majira ya kuchipua, farasi dume waliongozwa kutoka shamba hadi shamba katika koloni, na magazeti yakatangaza njia watakazopita, ada ya kupandisha, na majina ya baba na babu zao.

Tazama basi jinsi methali yetu inavyopata mtihani. Farasi aliye mzuri naye alitembezwa! Hata hivyo, alitembezwa pamoja na ukoo wake. Mkulima aliweza kumkagua kwato, kifua na mwendo, kisha akalinganisha alichokiona na kilichoandikwa. Si kwamba wauzaji wa farasi walikuwa malaika, la hasha. Ila uongo wao ulikuwa na mahali pa kupimwa.

Katika magazeti hayo hayo, wakulima hao hao walisoma matangazo ya zile zilizoitwa dawa za hataza. Jina lenyewe lilikuwa na hadaa ndani yake. Hataza humtaka mvumbuzi aeleze wazi uvumbuzi wake, naye hulindwa kwa muda maalumu. Dawa nyingi za aina hii hazikuwa na hataza yoyote. Kilicholindwa kisheria kilikuwa jina na nembo, huku viambato vikibaki siri ya mwenye kiwanda. Kulikuwa na vidonge vya Beecham, ambavyo tangazo lake lilidai kuwa kila kikasha kina thamani ya gini moja. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipovichunguza na kuchapisha matokeo mwaka wa 1909, kilikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Vidonge vya Dr Williams, vilivyosifiwa kwa maradhi chungu nzima, vilikuwa hasa na chumvi ya madini ya chuma. Dawa ya Mrs Winslow ya kuwatuliza watoto wachanga ilikuwa na mofini, na wapo watoto waliotulizwa hata wasiamke tena. Nayo dawa ya kuchua ya Elliman iliuzwa kwa namna mbili: moja ya wanyama, nyingine ya binadamu.

Tusiwadharau wakulima hao. Daktari alikuwa mbali na ada yake ilikuwa nzito. Chupa ilifika kwa posta. Isitoshe, tangazo lilijua kuzungumza. Lilijivika umbo la habari, likasimulia juu ya mama aliyekata tamaa kisha akapona, na likamwita msomaji kwa upole. Dawa ilikosa nasaba, lakini haikukosa ufasaha.

Serikali ilipozinduka ilifanya mambo mawili. Mwaka wa 1907 ilipitisha sheria ya kuwakomesha tohunga, yaani wataalamu na waganga wa Wamaori. Mwaka wa 1908 ikapitisha sheria ya kuzuia udanganyifu wa dawa, iliyolenga maneno ya uongo katika matangazo. Ni kweli kwamba sheria ya kwanza iliungwa mkono na baadhi ya viongozi wa Kimaori, akiwemo daktari Māui Pōmare, waliohofia afya ya watu wao. Hata hivyo, tofauti haifichiki. Mganga wa Kimaori aliweza kufungwa kwa kazi yake yenyewe. Mwenye chupa alitakiwa tu aseme kweli. Sheria ya kuwakomesha tohunga haikufutwa hadi 1962. Sisi Wakenya, tuliorithi Sheria ya Uchawi ya 1925 kutoka kwa wakoloni, tunaijua vyema mizani hiyo ya kupima elimu ya mwenyeji kwa ratili moja na ya mgeni kwa ratili nyingine.

Je, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Sheria ya 1908 ilikiri kwamba sehemu ya madhara ya dawa ya uongo imo katika maneno. Na maneno ndiyo taaluma yetu. Chukua neno "dawa". Tunasema dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya malaria. Upana huo ni utajiri wa lugha, lakini pia ni kichaka cha mlaghai. Anayetangaza "dawa ya kisukari" hasemi kama inaponya, inatuliza, au inaandamana tu na ugonjwa kwa jina. Kadhalika, "kutibu" si "kuponya", na "kusaidia" si lolote kati ya hayo mawili. Mgonjwa anayechanganyiwa vitenzi hivi huweza kuacha dawa aliyoandikiwa hospitalini na kufuata maneno matamu ya bango lililobandikwa stendi.

Wakati huohuo, dawa halali aghalabu humfikia raia na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kipengele cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji. Habari isiyoeleweka si habari. Matokeo yake ni kwamba mlaghai anazungumza Kiswahili sanifu huku mfamasia akinyamaza.

Pendekezo letu ni kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na zile za famasia na tiba kusanifu istilahi na kutafsiri maelezo ya dawa, na kwamba uchanganuzi wa lugha ya matangazo ya tiba uwe mada ya tasnifu zetu. Tumeshughulika kwa miaka mingi na nasaba ya maneno. Mkulima wa Otago alidai kumjua babu ya farasi wake; raia wetu anastahili, angalau, kukijua anachokimeza.